Shemeji, Zile Nyaya za Bei Kubwa

Shemeji Filbert,

Neno "mpendwa" nimeliacha kwa makusudi. Ningeliandika ningekuwa naanza na uongo. Anjela ameniambia umempigia simu kutoka Dar, kwamba Krismasi hii unataka kuja Moshi, ufikie kwangu Kiboriloni, ukae na sisi kama zamani. Kabla hujakata tiketi nataka nikukumbushe hiyo zamani, halafu nikuambie jambo moja ambalo hujawahi kulijua.

Unaukumbuka muziki wa kaka yako. Pleya ya santuri, amplifaya, spika mbili ndefu kama makabati, na makasha ya santuri alizozikusanya tangu ujana. Jumapili baada ya misa ulikuwa unapanda kwetu Masama, unakula mtori wangu, halafu unakaa karibu na spika umefumba macho. Kwenye kipaimara na harusi watu walimwita Aloisi akapige muziki. Yeye alibeba spika, mimi nilifunga nyaya, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinene na mambo madogo madogo yalimkera. "Mama Anjela, njoo uninyamazishie hili dude linalovuma," alikuwa ananiambia. Nilikuwa nanyamazisha. Muziki ule ndio uliomlipia Anjela ada. Kahawa tulikuwa nayo, ila miaka ile hukujua mwaka huu utalipwa au utaahidiwa tu.

Na unaikumbuka siku uliyokuja na pikapu. Matanga ya Aloisi hayakuwa yamekwisha. Wanawake walikuwa bado wanaosha masufuria nyuma ya nyumba. Ulipita moja kwa moja mpaka sebuleni.

"Shemeji, muziki unaupeleka wapi?" nilikuuliza.

"Vitu vya kaka vinabaki kwa ndugu zake," ulisema. "Na wewe mjane, muziki wa nini?"

Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa pale na vibuyu vyao vya pombe ya mbege. Waliendelea kunywa. Ulizing'oa nyaya kwa kuzivuta, kama mtu anayeng'oa magugu shambani. Mmoja ulikatika. Ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea viatu, na hukuuangalia mara mbili. Mimi niliuangalia.

Muhula uliofuata Anjela hakurudi shule. Tuliteremka Kiboriloni, tukapanga chumba, akaanza kuuza ndizi sokoni amevaa sketi ya shule, kwa kuwa ndiyo nguo yake iliyokuwa haijachanika. Siku moja ulipita pale na gari lako. Ulinunua mkungu kwake, ukamwomba akupunguzie, akakupunguzia kwa heshima ya baba mdogo. Ukaondoka. Hukumuuliza kwa nini hayuko darasani. Mengine yote pengine ningeyazoea. Hilo sijalizoea mpaka leo.

Baa yako ya Njoro uliifungua wakati ule kila mtu anafungua kitu. Ulipaka ukuta rangi ya kijani, ukaleta friji, ukaweka muziki wa Aloisi juu ya meza ya peke yake. Nasikia siku ya kwanza watu walijaa mpaka barabarani. Lakini muziki ulikuwa unaunguruma. Chini ya kila wimbo palikuwa na mvumo mzito, kama mashine ya kusaga iko chumba cha pili. Ukipandisha sauti, unapanda nao. Watu walikunywa chupa moja wakahamia kwa jirani mwenye redio kaseti.

Ulinunua nyaya mpya, hazikusaidia. Ndipo ukaja kwangu. Ulinikuta napepeta mchele nje ya chumba. Ulikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa ukatoa nyaya kwenye mfuko wa plastiki, nene, zenye vichwa vya rangi ya dhahabu.

"Shemeji, hizi ni za Dar, ni za gharama," ulisema. "Bado inaunguruma. Kaka alikuwa anafanyaje?"

"Alikuwa anatumia nene kuliko hizo," nilikujibu.

"Nene zaidi?"

"Nene zaidi, na ndefu. Uzipitishe nyuma ya friji zisionekane na wateja. Ukinunua za bei ndogo utajuta."

Ulinishukuru. Ulisema mimi ni mtu mwema. Nikaendelea kupepeta mchele.

Kumbe ulinisikiliza vizuri. Uliagiza nyaya kutoka Nairobi, ukazipitisha nyuma ya friji, sambamba na waya wa umeme. Mvumo ukazidi. Ukamwita fundi, ukamfukuza, ukamwita mwingine. Ukaagiza tena. Wateja walianza kuiita baa yako Kwa Nyuki. Jina hilo sikulitunga mimi, lakini nilikuwa nalisema kwa raha.

Wakati huo nilikuwa nashona mapazia kwa familia moja ya Kiismailia pale mjini. Walikuwa wanajiandaa kuhamia Kanada. Yule mama aliniuliza kama nataka fedha au nataka kitu cha ndani. Nilichagua pleya, amplifaya na spika zao, wakaniongezea santuri chache. Nyaya zilikuwa zimeliwa na panya, nikaenda dukani mwenyewe. Muuzaji aliniwekea mezani zile zile za vichwa vya dhahabu. Nikamwambia anionyeshe za kawaida. Niliukunja waya kuona kama ni laini, nikakisukuma kichwa chake nyuma ya amplifaya ya dukani kuona kama kinabana au kinacheza. Nikamwomba afungue kichwa kimoja niangalie kama ndani umezungushiwa wavu wa shaba mpaka mwisho. Nikachagua mfupi, unaotosha tu kutoka pleya hadi amplifaya. Mweusi, wa bei ambayo muuzaji aliitaja akiangalia pembeni. Nyumbani nikaufunga, nikaweka santuri. Kabla wimbo haujaanza palikuwa na ukimya. Nililia, shemeji. Hakuna aliyeniona zaidi ya Anjela.

Tulianza baa yetu na mabenchi mawili na mbege, baadaye nyama ya kuchoma. Wateja wako wa Njoro walikuja mmoja mmoja, halafu makundi. Ulipofunga, uliuza santuri za kaka yako kwa jumla, kwa mwanamke mmoja wa sokoni. Yule nilimtuma mimi. Ziko hapa, zote, na bado zina mwandiko wa Aloisi.

Sasa nikuambie. Nyaya zako za kwanza zilikuwa nzuri. Zilitosha kabisa. Hata za nusu ya bei yake zingetosha. Kilichokosekana ni ule waya mwembamba uliokatika siku ya pikapu. Unatoka kwenye pleya, unafungwa kwenye skrubu ndogo nyuma ya amplifaya, na ndio unaoondoa mvumo. Mafundi wanauita ethi. Kipande cha waya wowote kingefanya kazi hiyo, hata ulioufungia geti lako. Ulipokaa kwenye kigoda changu na mfuko wako wa plastiki, nilikuwa nalijua hilo. Nililijua tangu ulipoukata.

Siombi radhi. Padri wetu ameniambia nikusamehe, nikamwambia nimemsikia. Ile baa ulikuwa umeiwekea rehani nyumba yako, na najua ilivyokwisha, na jinsi ulivyopanda basi la Dar na begi moja. Habari hiyo niliipata nikiwa napika. Sikuacha kupika.

Lakini wewe umempigia simu Anjela, hukunipigia mimi, na huyo ana moyo wa baba yake. Anasema uje. Anasema umekuwa mzee, una kisukari, na ndugu wengine wa baba yake hana. Nilimuuliza kama amesahau sokoni. Akasema, "Sijasahau, mama. Nilimpunguzia bei kwa sababu nilitaka aone aibu. Hakuona. Labda sasa ataona."

Basi njoo, kwa kuwa nyumba hii sasa ni yake na yeye ndiye anayekaribisha. Atakuwekea chakula, ule. Atakufungulia santuri utakayoitaka, usikilize. Usiulize mimi niko wapi. Nitakuwa jikoni, na sitatoka mpaka uondoke.

Mke wa kaka yako,
Mama Anjela