Gramu Kumi na Tisa

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu. Natumaini barua na mzigo vimekufikia vikiwa vizima, maana huyu dereva wa lori la saruji hashushi vitu, anavitupa. Huku hatujambo. Baba magoti yanamsumbua na macho ndiyo yanazidi kufunga. Mimi mgongo unauma, ila hakuna aliyeuliza.

Sandukuni mna krenki, mhimili mkuu wa injini ya gari la Baba, ile teksi iliyotulea sote wawili. Injini nimeifungua kwa mkono wangu. Silinda nimepanua, pistoni nimeweka mpya, na nimezipima: nyepesi na nzito zimepishana gramu moja tu. Nilikuwa nakaribia kufunga. Baba akaja na fimbo yake mpaka mlangoni mwa gereji: "Usifunge kwanza, mama. Mpelekee mdogo wako alinganishe uzito wa hivyo vinavyozunguka. Yule ana mashine."

Yule ana mashine! Mimi nilianza kwa kuosha nati kwa dizeli nyuma ya gereji ya watu, mwaka uleule ulipopelekwa chuo. Leo nina gereji yangu, milango miwili, na bado chuma changu kinapelekwa kwako kusahihishwa kama daftari la mtoto.

Unajua ninachotaka. Macho yamemtupa, sasa Baba anapima gari kwa kiganja juu ya boneti. Nataka aweke kiganja aseme "safi". Wewe alikuambia ukiwa darasa la sita, kwa ajili ya pasi ya umeme uliyoitengeneza. Pasi! Mimi nangoja mpaka leo.

Isawazishe hiyo, uirudishe.

Dada yako


15 Februari

Dada,

Shikamoo. Pole na mgongo. Mimi nauliza, basi usiseme hakuna aliyeuliza. Mimi mzima, vumbi la chuma tu kifuani.

Krenki imefika. Lakini flaiwili iko wapi? Lile gurudumu zito la nyuma ya injini linazunguka pamoja na krenki, pamoja na kifuniko cha klachi. Kuvipima kimoja kimoja ni kumpima mtu kiatu cha mguu mmoja. Nitumie vyote. Na konrodi za pistoni, je, ulizipima uzito mzima au ncha kwa ncha?

Mdogo wako


23 Februari

Msomi,

Marahaba. Konrodi nimezipima ncha kwa ncha, juu peke yake na chini peke yake, kabla wewe hujazaliwa kwenye kazi hii. Ahsante kwa somo.

Flaiwili haiji. Nimeikereza mwenyewe kwenye mashine ya jirani, nikaipunguza kilo moja na robo ili gari liwe jepesi kuondoka. Nakujua. Utaizungusha pale, uone mshale umecheza, umpigie Baba: "Dada kajitahidi, ila..." Hiyo "ila" yako siitaki. Baba alisema ulinganishe. Hakusema nikukabidhi injini yote.

Fanya krenki.

Dada yako


6 Machi

Dada,

Shikamoo. Krenki hiyo. Umesema, nimefanya ulivyosema.

Mdogo wako


19 Machi

Wewe,

Siulizi hali, maana yangu ni mbaya.

Nimefunga injini, imewaka kwa mguso mmoja. Ikiwa polepole, husikii kitu. Nikapandisha mpaka mizunguko elfu mbili na mia tano kwa dakika, na hapo kijiti cha gia kikaanza kutetemeka kama mzee mwenye homa. Kioo cha pembeni ukijitazama unajiona wawili. Baba akaweka kiganja kwenye boneti, akakiondoa upesi, kama mtu aliyeshika mkono wa mgeni akidhani ni wa mwanawe.

Unajua alisema nini? "Inatetemeka. Nadhani mdogo wako hakuwa na nafasi."

Hakuwa na nafasi! Ningekosea mimi, ningekuwa nimekosea. Ukikosea wewe, ulikuwa na shughuli. Hiyo mashine yenu mnaipigia kelele ya nini, kama inashindwa na krenki moja ya teksi?

Dada yako


2 Mei

Dada,

Shikamoo. Hujambo, na Baba hajambo? Nimechelewa. Barua yako niliiweka kwenye kabati la vifaa, kila nikifungua kuchukua tindo naiona, nafunga tena.

Baba alinipigia siku ileile ulipoiwasha. Sikutaja flaiwili. Nilimwambia kosa ni langu.

Sasa nisikilize na wewe. Kila Baba akinipigia, mazungumzo ni yako. Dada yako leo kashusha giaboksi peke yake. Dada yako wateja wanamfuata toka mbali. Dada yako akisikia gari linapita nje anajua valvu ipi inagonga. Nakaa na simu sikioni, nasema ndiyo Baba, ndiyo Baba, na moyo unachemka. Unajua mimi nafanya nini hapa? Naletewa vyuma kwenye masanduku. Navipima, navitoboa, navirudisha kwenye masanduku. Miaka yote hii, dada, sijawahi kusikia hata injini moja niliyoisawazisha ikiwaka. Zote zinawakia kwa watu wengine. Zinawakia kwako.

Kwa hiyo kama ni wivu, tusukumane foleni, mimi niko mbele.

Nitumie flaiwili.

Mdogo wako


11 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Kohozi la vumbi limepungua? Funga kitambaa puani, chuo hawakukufundisha hilo?

Injini nimeishusha tena. Krenki, flaiwili na kifuniko cha klachi vyote vimo sandukuni. Nimevipiga alama mbili za tindo, vifungwe vilevile vilivyokaa, visigeuzwe. Mashine ya jirani ina kichwa kinachoyumba. Nilijua nikiwa nakereza. Sasa umeshajua na wewe, inatosha.

Ila hili la kumwambia Baba kosa ni lako limeniuma kuliko flaiwili. Kakusamehe hata kabla hujamaliza kusema. Hata kukosea unanishinda! Nimemfuata barazani nikamwambia ukweli: flaiwili ni yangu, mdogo wangu hakuigusa. Akaniomba maji ya kunywa. Nikaleta.

Dada yako


24 Mei

Dada,

Shikamoo. Kifua afadhali, kitambaa nimefunga.

Gramu kumi na tisa zimezidi, zote upande mmoja wa flaiwili. Nimetoboa matundu matatu kuziondoa, si marefu. Krenki sikuigusa, ilikuwa sawa. Pistoni na konrodi zako nimezipigia hesabu kwa namba ulizoniandikia sandukuni. Hata mimi nisingezilinganisha vizuri hivyo.

Naomba kitu kimoja. Siku ukiiwasha, nipigie. Usiseme lolote, sogeza tu simu karibu na injini.

Mdogo wako


7 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, na salamu za Baba zimo humu, nyingi kupita kiasi kama kawaida.

Nimewasha juzi. Nimepandisha elfu mbili na mia tano, elfu tatu, elfu nne. Kijiti cha gia kimetulia kama kimechomekwa kwenye udongo. Baba akaweka kiganja. Hakukiondoa. Akaweka na cha pili, fimbo ikaanguka, hakuiokota.

"Safi," akasema.

Nikangoja aseme safi ya nani. Hakusema. Nimeigawa mwenyewe: wewe gramu kumi na tisa, mimi injini iliyobaki. Nadhani nimekuwa mkarimu.

Simu nilikuwa nayo mkononi, namba yako iko tayari. Sikupiga. Sauti ile ya Baba niliingoja tangu siku ya pasi, nikaona sikupi hata kidogo. Usiku sikulala vizuri.

Basi Jumamosi nawasha tena, nakuja nayo. Baba kiti cha mbele, usijisumbue kukigombea. Wewe utakaa nyuma. Nitafungua boneti hapo mlangoni kwenu, na kiganja chako kitafuata baada ya cha Baba.

Kuanzia saa nne simama nje. Injini ikitetemeka ukatusikia kabla hujatuona, kosa ni lako.

Dada yako