Programu yangu imevua cheo, makundi haijavua

Mshauri wangu Maman Patricie, nakuandikia kutoka Kamembe, na naomba msaada wako bila kutajwa jina, maana mji wetu ni mdogo na kila mtu anamjua mtoto wa mwenzake.

Nilikulia Bukavu, tukarudi huku, na sasa natunza kompyuta za kliniki moja ya binafsi, na mwaka huu niliandika programu ya skrini ya foleni, ambapo mgonjwa anaandika namba yake ukumbini anaona zamu yake, basi. Programu inaanza kwa mamlaka ya root, yule mtumiaji mkuu wa mashine, kisha inajishusha na kuwa mtumiaji wa kawaida. Shida ni kwamba root wetu yumo kwenye kundi la "majibu", wanaoruhusiwa kufungua majibu ya vipimo, na programu inaurithi uanachama huo. Nilijua, Maman. Niliweka mwito wa setgroups ili uyavue makundi yote, lakini niliuweka baada ya setuid, ule mwito wa kuvua cheo, wakati cheo kimekwisha kuvuliwa, mfumo ukajibu huna ruhusa, programu ikasimama, na watu sitini wananitazama na mkuu wangu yuko mlangoni anauliza kwa nini foleni haiendi, basi nikaiamuru programu ipuuze jibu lile iendelee. Nikasema nitarekebisha mchana. Leo ni miezi mitatu.

Wiki iliyopita dereva mmoja wa moto, zile pikipiki za abiria, Cubaka, aliandika herufi badala ya namba, akaniita akicheka: "Maman, kuya uone, mashine yako iko naonyesha majina ya batu!" Ilikuwa orodha ya mafaili ya majibu. Nikaifunga upesi, nikamdanganya kwamba ni majaribio, nikaenda kumfuta root kwenye kundi, moyo ukatulia. Kesho yake nikatazama makundi ya programu ileile ikiwa bado inafanya kazi, na "majibu" bado limo! Kuizima siwezi, mkuu ataniuliza.

Kuna mama muuza samaki, tumwite Honorine, anavuka mpaka kutoka Bukavu kwa sababu kule majirani wote ni ndugu za mume wake. Aliniambia: "Dada, miye nakuyaka huku juu ya siri. Kule bakijua, bananifukuza na batoto." Atarudi Alhamisi kuchukua majibu yake. Kumbukumbu ya mashine, inayoonyesha ni faili gani limefunguliwa na lini, sijathubutu kuisoma. Nirekebishe kimya kimya na kuifuta hiyo kumbukumbu, au nikimbilie kwa bibi yangu kijijini Nkungu nikalime maharage?

Mwenye Hofu

Maman Patricie anajibu:

Pole, binti yangu. Kabla ya kusuluhisha ndoa za watu nilichunga seva miaka kumi na minne, na kosa la kwanza, la kuvua cheo kabla ya makundi, nami nimewahi kulifanya. La pili, la kuiziba mdomo mashine iliyokuambia ukweli, hilo ni lako na sitakubembeleza. Ulimwogopa mkuu wako kwa dakika tano, ukamsahau Honorine kwa miezi mitatu.

Na hilo la kumfuta root kwenye orodha, ulitegemea nini? Programu hubeba makundi iliyoanza nayo. Ukifuta jina la mgeni kwenye orodha ya arusi wakati amekwisha kukaa na sahani yake, atakula tu. Izime leo. Foleni iandikwe kwenye karatasi, watu wa wilaya yenu ya Rusizi wanajua kupanga mstari.

Kisha upange upya: setgroups kwanza, ungali root, halafu setgid ya kubadili kundi kuu, na setuid mwisho. Mwito wowote ukikataliwa, programu ife palepale. Ikiamka, itazame imebeba makundi gani, usiamini moyo wako. Na hayo maandishi ya mgonjwa yachujwe, pale ni mahali pa namba tu.

Kumbukumbu usiifute! Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa atakayeumbuliwa ana watoto. Isome ukiwa na mkuu wako pembeni, si peke yako, maana peke yako utashawishika. Kama faili la Honorine limeguswa, aambiwe Alhamisi, faragha, kabla hajasikia kwa jirani. Kama halikuguswa, mshukuru Mungu, na bado umwambie mkuu. Maharage ya Nkungu yatangoja.

Jina lako nimelificha ulivyoomba. Lakini kliniki yenye skrini ya foleni, Kamembe, ziko ngapi? Gazeti hili linafika mjini Jumatano asubuhi, na mkuu wako hulisoma kama wewe. Kama umelipata kabla yake, liweke chini sasa hivi ukagonge mlango wake.