Seva Yetu, Zamu ya Ngatia

Jumatatu, 11 Januari 1999
Mkutano wa chama cha waongozaji wa mlima, Naro Moru. Mtalii akichagua siku kwenye mtandao, mashine itampa mwongozaji mwenye zamu. Sasa wananiuliza mimi, fundi wao: tukodi nafasi kwenye seva ya Nairobi, au tununue yetu? Nairobi kuna jenereta, kuna watu wa kunakili data kila siku. Najua. Nikasema tununue yetu! Mzee Gatimu, mwenyekiti, akafurahi — ati ng'ombe yake haiwezi kulala kwa boma ya mtu mwingine. Makofi.

Sikuwaambia kwamba seva ikikaa Nairobi, mimi sina kazi.

Jumapili, 24 Januari
Seva iko mezani kwa Kagure, karani. Ameifumia kitambaa cha kuifunika, kama cha redio ya sebuleni! Nimekitoa, mashine inataka hewa. Tumecheka sana.

Jumamosi, 6 Februari
Jana stima ilipotea mara tatu, mashine ikazimika kila mara. Leo orodha ya zamu haifunguki. Nimeirudisha kutoka nakala ya diski — ya Jumatatu! Niliahidi kunakili kila jioni. Uvivu tu. Orodha imefunguka, nami nimenyamaza. Nani ataona?

Jumanne, 9 Februari
Ngatia, mmoja wa waongozaji, ameona. Kagure alimwandika kwenye orodha Jumatano iliyopita, Ngatia aliporudi kutoka mazishi ya mamake. Nakala ya Jumatatu haimjui. Watalii wake Wajerumani wamepanda mlima na Muriithi, mwongozaji mwingine.

Ngatia akaja ofisini akifoka: "Huyu mama ameuza zamu yangu!" Hapa kuuza zamu ya mtu ni kama kuiba mzinga wake wa nyuki. Hakuna anayekusalimia tena. Kagure alilia mbele ya watu. Nami nimesimama pale, nachezea waya. Mwoga mimi!

Alhamisi, 11 Februari
Kikao cha chama. Wanataka kumfukuza Kagure. Mzee Gatimu akanigeukia: "Wewe ndio fundi. Hii mashini inaweza sahau mtu?" Nikasema ngoja niangalie kwanza. Naangalia nini? Ninajua!

Wametoka kunywa chai. Naandika hapa, mbele ya seva. Kagure hakukaa nao. Ameniletea kikombe, akasimama kidogo.

"Kihara, nimefikiria sana. Pengine ni mimi sikusave vizuri. Nikisema ni makosa yangu, si watanisamehe?"

Nasikia viti vikivutwa. Wanarudi. Bado amesimama hapa, na diski ya Jumatatu iko mezani kati yetu.