Swali Ambalo Profesa Hakuuliza

Maskati, Jumatatu

Mama yangu, shikamoo.

Goti limepata nafuu? Na mihogo ya huko Makurunge, nguruwe wamekuachia hata shina? Mimi mzima, ila situlii. Nimeandika kwa sababu simu unaisikiliza mbele za watu, na haya ni yetu wawili. Mwenzangu wa nyumba ya jirani anarudi Bagamoyo, atakufikishia mkononi.

Yule Profesa ninayemhudumia, mzaliwa wa Unguja, macho yamemwishia. Nikimaliza kupika yeye anasema, mimi naandika: habari za maisha yake ya kuwasoma Wachina wa kale, wa miaka zaidi ya elfu tatu nyuma. Wafalme wao walikuwa wakichoma mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe, kisha wanasoma nyufa. Nikamwambia, "Kumbe ramli!" Akacheka mpaka akakohoa. "Ramli, mwanangu, ila hawa waliandika swali na jibu."

Kuna mfupa wa mke wa mfalme, mjamzito. Waliuliza kama atajifungua vyema. Ikaandikwa haikuwa heri, kazaa mtoto wa kike.

Nikaweka kalamu chini. "Huyo mtoto alilelewa na nani?"

"Mfupa hausemi."

"Na wewe miaka yote hiyo hukuuliza?"

Nikajua kazi sina tena. Lakini akasema, "Andika, sikuuliza. Andika na wanangu walikua mimi nipo maktaba Uchina." Binti yake akipiga simu humwita Profesa, si baba.

Sasa anataka nibaki miaka miwili mingine tumalize kitabu. Najua utaniambia nikaze roho, na kweli nilikaribia kukubali. Lakini Ijumaa ulipompa mwanangu Zuhura simu, akaniamkia, "Shikamoo shangazi." Mlicheka wote. Nami nikacheka, kisha nikaenda kufua mashuka niliyokuwa nimeyafua asubuhi.

Nimemwambia Profesa mkataba ukiisha mwezi wa Shaabani narudi kwetu.

"Na kitabu?"

"Mpigie binti yako aje aandike."

Na sijamwomba radhi.

Nisalimie kaka Seif wa bodaboda, shangazi Mwajuma wa maandazi, na bibi mzaa baba; mwambie dawa ya kuchua nimempatia.

Mama, Zuhura mwonyeshe picha yangu, umwambie huyu ndiye aliyekuzaa. Akikataa msimgombeze. Nakuja anikatae mwenyewe, uso kwa uso.

Ni mimi mwanao, niliyekwisha kufunga begi,
Rehema