Samaki Ndani ya Boneti

Baba Tae-yul,

Ukiamka, wali uko jikoni, kimchi iko kwenye friji, rafu ya chini. Nyama usiiguse, ni ya mwanao.

Gari nimeondoka nalo. Ndiyo, hilohilo ulilosema limekufa! Mwanangu anamaliza jeshi leo halafu apande basi kama yatima? Thubutu.

Alfajiri nilimwamsha fundi jirani aniazime mashine ya kupimia injini. Kumbe injini inaamini hewa inayoingia ina baridi ya digrii arobaini chini ya sifuri. Hapa Daegu, Agosti, mimi natiririka jasho! Ndiyo maana ilikuwa inajimiminia petroli na kukohoa moshi mweusi. Na wewe umeshabadilisha kihisi cha joto la hewa mara mbili, ukanuna. Kihisi kizima, bwana. Nikaufuata waya wake kwa kidole, nikamkuta nani? Yule samaki mkavu uliyemfunga uzi mweupe siku ya tambiko la gari, eti atukinge na mabaya, ukamsujudia, ukamtia ndani ya boneti. Uzi ulijisokota kwenye waya, na kila gari likitikisika samaki aliuvuta, mpaka waya ukakatika. Nimeuunga, mashine ikasema digrii ishirini na nane. Nimecheka peke yangu hadi jirani akachungulia.

Piga deki sebuleni. Nunua tikiti maji.

Samaki ~~nimemtupa~~ nimemhamishia kwenye buti la gari. Miezi kumi na minane mwanetu yuko kambini, na leo anarudi mzima. Siwezi kugombana na samaki huyo.

Mama Tae-yul