Kobe Wako, Baba

Baba yangu,

Shikamoo. Usikunje uso, nakuandikia habari ya kobe. Najua neno hilo halitajwi nyumbani kwetu, lakini leo nalitaja na utanisikiliza.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikuletea chakula ulipokuwa ukichonga mawe kwenye hekalu la Wajaini, Mombasa? Wahindi wale hawaui hata mdudu na ngozi haiingii mle, kwa hiyo mkanda wako uliuacha nyumbani na suruali ukaifunga kwa kamba ya katani. Nilicheka mpaka mbavu zikauma! Ukanionyesha sanamu za walimu wao ishirini na wanne, zote zimekunja miguu, zote zimetulia, sura moja kama mapacha.

"Usitazame uso," ukaniambia. "Tazama alama kwenye kiti. Huyu simba, yule nyoka. Ndipo utamjua ni nani."

Halafu wakakupa kiti chenye kobe ukisugue. Ukasugua weee, ulitaka ang'ae kuliko wote, mpaka mistari ya gamba ikafutika. Mafundi wenzako wakaja kuangalia. "Lo! Hili si andazi?" Tangu hapo ukawa Fundi Andazi mtaa mzima. Ukaacha kazi, ukawa bawabu, na patasi ukasema umezitupa. Nilikuwa na miaka tisa na niliwachukia wote. Hata sasa sijawasamehe vizuri.

Siku ile nilikusikia ukimwambia mama, "Ningepitisha ukucha kwenye mistari. Ukucha ukiteleza, umeshaharibu." Hukujua nipo mlangoni.

Sasa sikia. Hapa Marekani, mjini Columbus, bado nafanya ile kazi niliyoanzia Louisville, kusugua mawe ya meza za jikoni. Mwezi uliopita mzee mmoja wa hekalu la Wajaini alikuja karakanani. Akasema kiti cha sanamu kimefika kutoka India kikiwa bado na mikwaruzo, na siku ya kuiweka sanamu imekaribia. Bosi akanituma mimi. Viatu vya ngozi nikaviacha garini, nikaingia na soksi, nikainama kutazama alama. Haki ya Mungu, baba, ni kobe!

Mashine niliyopewa nikaizima. Nikachukua msasa laini na maji, nikasugua kwa kidole, na kila baada ya muda nikapitisha ukucha. Kazi ya siku moja ikanila siku tatu, bosi akanuna. Mzee yule akapiga magoti, akapitisha ukucha wake mstari kwa mstari, taratibu. Ukucha ukakwama kila mahali.

"Nani alikufundisha?" akauliza.

"Baba yangu. Ni fundi, yuko Mombasa." Sikusema alikuwa fundi.

Nina furaha, baba, mpaka naona aibu. Sasa wana nguzo yenye maua ya kuchongwa, ua moja limevunjika, wameniomba nilichonge upya. Mimi kuchonga sijui. Nimewajibu kwamba nitamuuliza baba, wakasema watasubiri.

Usiniambie huna vifaa. Mama amenieleza kila kitu: patasi ziko chini ya kitanda, zimefungwa kwenye gunia, na huwa unazipaka mafuta akienda sokoni.

Picha ya kobe nimeiambatanisha. Aliyekuita Andazi mpe ahesabu mistari ya gamba.

Jumamosi saa kumi jioni ya huko nitapiga kwa video. Simu atashika mama. Wewe shika patasi.

Binti yako,
mwanafunzi wa Fundi