Kobe Fundi Cherehani

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limepunguza ukaidi tangu Mama aanze kulikanda kwa maji ya moto. Sisi hatujambo. Mkwe wako anakusalimu sana. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa kila akiongea anapiga mluzi.

Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujafoka. Nina jambo la kukiri, nalo linamhusu rafiki yako, mlinzi wa shule yetu, ambaye hamjasalimiana tangu nikiwa darasa la nne.

Chanzo ni kitabu cha Kobe. Unakikumbuka? Kiwandani kwenu wiki moja mlikuwa mnajalidi vitabu viwili kwa pamoja, cha hadithi na cha mafundi cherehani, kurasa zikachanganyika, na nakala zilizoharibika msimamizi akawaruhusu mzichukue nyumbani. Basi Kobe wetu aliondoka kwao kwenda kutafuta bahati, na baada ya ukurasa wa kumi na sita tu yakaanza maelekezo ya kutengeneza cherehani: inua sindano, legeza skrubu, tia mafuta matone mawili. Kufika ukurasa wa thelathini na tatu, Kobe keshakuwa mfalme! Nawe ulisoma yote kwa sauti ileile, uso mkavu. Mimi nikaamini kabisa kwamba wanyama walimpa ufalme kwa kuwa aliwatengenezea cherehani. Mpaka leo naona wengine wamepewa vyeo kwa sababu mbovu zaidi.

Mwezi uliopita nilikiona kitabu hicho dukani, kizima, nikamnunulia mwanangu. Kusema kweli nilijinunulia mwenyewe. Kumbe katika zile kurasa tusizozijua Kobe anamsingizia rafiki yake wizi, kisha anakalia kiti chake cha ufalme. Mwanangu alisikiliza, akakunja uso, akauliza cherehani iko wapi, maana nimemsimulia habari zake tangu namnyonyesha. Nikamwambia hiki ndicho kitabu sahihi. Akasema basi sahihi ni kibaya, anataka kile cha babu. Nilicheka, kisha nikakifunga kitabu.

Baba, ile nakala nzima uliyonipa nilipofaulu mtihani haikuibwa. Ulifurahi mno siku ile. Ulisema hatimaye nina kitabu cha watu, na kile kibovu tutawashia jiko. Nikafungua kipya, nikatafuta cherehani, hakuna. Nilishikwa na hofu kwamba kile cha cherehani kitachomwa. Kesho yake nikakipeleka shuleni, nikakichomeka kwenye rafu ya maktaba, nikarudi nyumbani nikisema kimeibwa kwenye begi nililoliacha kwa mlinzi. Nilidhani yataishia hapo. Wewe ukaenda kumvaa mzee wa watu mbele ya walimu, ukamwita mwizi, na drafti yenu ya kila Jumamosi ikafa siku hiyo. Nami nikanyamaza. Kila mwaka nilijiambia nitasema, na kila mwaka ulimi ulikuwa mzito zaidi.

Juzi nilimpigia simu mzee huyo, nikaangua kilio hata salamu hazijaisha. Alinituliza kama mtoto. Akasema siku ile aliniona nikiingia maktaba na kitabu na kutoka mikono mitupu. Alijua yote, Baba. Alinyamaza kwa sababu anaijua hasira yako, akaona heri umchukie yeye, mtu mzima, kuliko unichape mimi. Kinyongo hana. Ila akikuona njiani huvuka upande wa pili, usije ukapata taabu ya kugeuza uso.

Nisamehe. Nilikipenda kile kibovu kwa sababu kilikuwa na sauti yako, na kwa upendo huo nikakunyang'anya rafiki. Nipigie unifokee utakavyo, nimestahili. Lakini kwanza nenda kwake. Yuko nyumba ileile.

Nilimuuliza ni siku gani ukifika utamkuta. Akasema Jumamosi yoyote. Jumamosi hatoki, na miaka yote hii hajawahi kutoka.

Mpe Mama salamu zangu, na umwambie mjukuu anamlilia. Mungu akupe afya na moyo mwepesi.

Ni mimi binti yako,
aliyekudanganya, na anayekupenda sana